Nyenze Kifuani mwa Wanqing

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini Januari, saa tisa alasiri, baba mdogo Guosheng alipomvalisha dada yangu Wanqing hirizi ya jiwe.

Baba mdogo ana duka la vito vya jade hapa Suzhou. Jiwe la kale likififia, hutafuta mtu wa kulivaa kwenye ngozi hadi joto la mwili lilirudishie rangi. Kwetu husemwa kwamba mtu huilea jade, nayo humlinda. Wanqing hakuwa na kazi tangu kiwanda chao kifungwe, akakubali. Hirizi yenyewe ilikuwa nyenze mdogo wa kuchongwa, mweupe kama mfupa, kwenye uzi mwekundu.

"Lala naye, oga naye," baba mdogo alimwambia. "Wewe una damu ya moto, ataiva upesi."

"Na nikiiva mimi je?" Wanqing akamtania.

Kufikia Mwaka Mpya wa Kichina, wiki nne baadaye, nyenze alikuwa kijani kibichi. Dada ndiye aliyefifia. Alilala mchana kutwa, na kila chakula alisema kina ladha ya udongo. Daktari alisema ni uchovu. Nilipika, nilifua, nilimgeuza ubavu, hadi nikawa nasinzia nimesimama. Nilipomsihi avue, alimfumbata nyenze kiganjani. Alisema nyenze anamlinda.

Mchana mmoja, amelala, nilimchunguza yule nyenze. Jiwe lote lilikuwa limelainika kwa umri. Lakini tundu la uzi lilikuwa na kingo kali, na ndani yake unga mweupe. Lilikuwa limetobolewa juzijuzi.

Wazee wetu waliweka nyenze wa jade juu ya ulimi wa maiti, kwa kuwa mdudu huyo hutoka ardhini, akapasuka mgongo, akaliacha ganda lake na kuruka; walitumaini maiti naye atatoka hivyo. Nyenze wa kuvaliwa ana tundu tangu mwanzo. Wa maiti hana.

Nilimpigia simu baba mdogo. Nikamweleza habari za lile tundu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama rangi imeshafika kwenye mbawa.

Nikaenda kuchukua mkasi. Niliporudi, uzi ulikuwa bado shingoni, fundo halijafunguliwa. Nyenze hayupo. Shavu la dada lilikuwa limetuna.

Nikaingiza vidole kinywani mwake. Ulimi ulikuwa baridi. Jiwe lilikuwa la moto. Nikalitoa.

Wanqing hakufumbua macho.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "ungengoja kidogo. Nilikuwa natoka."

Kesho yake asubuhi nilimfunga nyenze katika kitambaa chekundu, nikamzika nje ya mji, kwenye shamba la miforosadi. Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi, viganja vikanivimba. Niliporudi nilimkuta dada mezani, mashavu yamerejewa na rangi, yuko kwenye bakuli la pili la uji. Nikaketi. Nilitaka kulia, nikakosa nguvu.

"Hebu nikune mgongo," alisema. "Unaniwasha tangu alfajiri."

Nikaipandisha sweta yake. Kutoka shingoni hadi kiunoni ulishuka mstari mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Haukuwa jeraha. Haukutoa damu. Nilipougusa, kingo zake ziliachana kidogo.

Nikaishusha sweta, nikaivuta vizuri hadi chini. Nikamwambia hakuna kitu, amalize uji.