Mikato ya Barua ya Bibi

Mama Cherehani alikuwa na mjukuu wa miaka minane ambaye yeye hakuwahi kumbeba. Mwanawe alihamia nchi ya mbali, akaoa huko, na binti yake akakua akijua Kiingereza tu. Kila Jumapili simu ililia.

"Msalimie bibi," baba mtu alisema.

"Hi," mtoto alijibu, akakimbia.

Hiyo "Hi" moja Mama Cherehani aliishi nayo wiki nzima, akipinda mapazia na kushona sare. Alitaka mjukuu amjue kabla hajawa mkubwa.

Basi akaamua kumwandikia. Kiingereza alikipata katika darasa la watu wazima, jioni baada ya kazi. Aliandika siku tatu, akaipiga picha barua, akaituma. Jumapili mwanawe akamrushia sauti ya mtoto akisoma.

"I, sew, dresses. My machine, is, old." Cherehani yangu ni ya zamani.

Kila penye mkato mtoto alisita. Mwishowe akasema amechoka, barua ikaachwa katikati.

Mama Cherehani alikunja uso. Akaibeba barua hadi meza ya pili ya kibaraza alichoshonea. Hapo jirani yake, mpiga chapa, huwachapia watu barua.

"Mwanangu, hebu soma. Mjukuu wangu anasoma kama ana kwikwi."

Mpiga chapa akavaa miwani. "Haa! Mama, hii mikato umeimwaga kama chumvi?"

"Niliambiwa mkato ni mahali pa kupumua. Nami Kiingereza kinanipandisha mlima. Kila neno napumua."

Wakacheka mpaka mteja akageuka.

"Sasa mama, umemwandikia pumzi zako. Mkato hauwekwi kwa sababu mwandishi amechoka. Ni wa kumsaidia msomaji aone wapi maneno yanaachana. Tazama: *I sew dresses*, nashona magauni. Hapo kuna cha kutenganisha?"

"Hakuna. Nikitoa neno moja, mengine yanabaki hewani."

"Basi usiweke kitu. Ila ukitaja vitu vingi, vitenge: *I sew dresses, shirts, and curtains.* Magauni, mashati na mapazia."

"Na huo wa kabla ya *and*?"

"Wengine huuweka, wengine huuacha. Chagua njia moja, usiyumbe."

"Nikimwita, je?"

"Ukianza kwa kumwita, weka mkato baada ya jina: *My dear, I miss you.* Mpenzi, nimekukumbuka. Na ukianza na *when*, yaani 'wakati ambapo', maliza kipande hicho, weka mkato, ndipo useme jambo lenyewe: *When I finish work, I think of you.* Nikimaliza kazi, nakuwaza wewe."

Mama Cherehani akapangusa meza isiyo na vumbi.

"Hiyo ndiyo niliyotaka kusema," akasema taratibu. "Niliiona ndefu, nikaiogopa."

"Nikuchapie, mama? Bure."

"Ahsante, mwanangu, lakini hapana. Nataka aujue mwandiko wangu."

Akaandika upya, palepale. Kila alipotaka kuweka mkato, alijiuliza: hapa maneno yanaachana, au ni mimi nimechoka? Mara mbili alifuta. Mara moja mpiga chapa alikohoa kidogo, naye akafuta tena.

Akaituma kama ile ya kwanza, na Jumapili simu ikalia. Safari hii mtoto alisoma moja kwa moja, simu ikiwa hewani. Alipita magauni, mashati na mapazia bila kukwama. Akafika: "When I finish work, I think of you."

Mama Cherehani akashika simu kwa mikono miwili.

"Bibi," mtoto akauliza, "do you?" Kweli?

"Yes, my dear," alijibu. "Every day." Kila siku.

Mtoto hakukimbia. Alimweleza bibi habari za jino lililong'oka, paka wa jirani, na rafiki aliyehama. Mengine bibi aliyaelewa, mengine aliyaitikia tu. Siku hiyo baba mtu ndiye aliyekosa nafasi ya kuongea.