Mkuu wa Tisa

Wazazi wenzangu, sogeeni. Na wewe baba unayejifanya una shughuli, sogea pia, maana ni wewe hasa ninayekutaka. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwaka wa tisini na tisa, nikiwa nimekaa nyuma ya cherehani yangu kwenye veranda ya duka la Vivek, hapa Kisii mjini.

Mimi ni Tryphosa, fundi wa nguo. Vivek aliuza vitambaa ndani, mimi nikashona yunifomu nje, na tuliishi vizuri. Kila siku saa nne mkewe, Geeta, alinitolea chai ya tangawizi. Binti yao wa pekee, Sejal, mwenye miaka saba, alikaa miguuni pangu akinipangia vifungo kwa rangi. Mtoto yule alikuwa na pumu. Baridi ya mvua ikimpiga, kifua kilianza kulia, na mama yake alimvutisha dawa kutoka pampu ndogo ya buluu. Baada ya hapo alirudi kwenye vifungo vyake kana kwamba hakuna lililotokea.

Basi siku moja kikaja kifurushi kutoka kwa Neel, ndugu yake Vivek aliyeko Uingereza. Ndani mlikuwa na kimashine cha mchezo, kinatosha kiganjani, kinatumia betri. Unatembea humo ukikamata vinyama vya ajabu, unavilisha, unavifundisha kupigana. Kila mji una mkuu wake anayekuzuia kupita mpaka umshinde. Wakuu wenyewe ni wanane.

Kilikuwa cha Sejal. Narudia, kilikuwa cha mtoto! Mwanzoni baba na binti walicheza pamoja, na nilifurahi kuwaona. Walikuwa wakiulizana maswali.

"Baba, mkuu wa pili anafuga nini?"

"Nyuki! Na anashindwa na nini?"

"Moshi!"

Wakacheka mpaka wateja nao wakacheka.

Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Vivek alianza kukichukua kimashine mtoto akienda shule, kisha akawa hakirudishi. Mteja akiuliza bei ya kitambaa, anajibiwa bila kutazamwa. Betri chache alizoweka kaunta za kuuza alizifungua yeye mwenyewe kwa ajili ya kimashine. Akajua mambo yote ya wale wakuu: nani ana jicho moja, nani hapigani siku ya mvua, mama yake mkuu wa saba anaitwa nani. Mwanamume mwenye ndevu!

Unajua Sejal alifanya nini? Aliyakariri yote, ingawa mchezo wenyewe hakuugusa tena. Aligundua kwamba akimuuliza baba kuhusu shule hapati jibu, lakini akimuuliza kuhusu mkuu wa tano, baba anainua uso na kutabasamu. Akawa anakuja na maswali hayo kila jioni ili tu atazamwe. Roho yangu iliniuma, jamani.

Mwezi wa nne Geeta akaenda Nakuru kumuuguza mama yake. Kabla ya kuondoka alimwambia mumewe mbele yangu, "Pampu ya Sejal inakaribia kuisha. Nunua nyingine kwa Mokua wiki hii. Tafadhali, Vivek."

"Nitanunua," akasema, macho kwenye kimashine.

Jumatatu nikamkumbusha. Jumatano nikamkumbusha tena, maana mdomo wangu hauna kufuli. Duka la dawa la Mokua liko mtaa wa pili tu, lakini alikuwa anapambana na mkuu wa nane na hakutaka kuinuka.

Ijumaa Sejal aliniomba kipande cha ile karatasi kubwa ninayokatia vipimo. Akachora na kuandika kwa muda mrefu, akikohoa kidogo, kisha akampelekea baba yake.

"Baba, unamjua mkuu wa tisa?"

"Hakuna mkuu wa tisa, beta, mwanangu. Wakuu ni wanane tu." Akaikunja karatasi bila kuisoma, akaitia mfukoni mwa shati.

Mtoto akarudi kwangu, akapanga vifungo. Hakulia. Afadhali angelia.

Saa kumi na moja nilianza kufunga cherehani, maana sisi Wasabato jua la Ijumaa likitua kazi imekwisha. Nikamwambia, "Baba Sejal, Mokua naye ni Msabato. Sasa hivi anafunga. Mpaka Jumapili hutampata."

"Dakika tano, Mama Tryphosa. Nimebakiza kinyama kimoja."

Nilipaswa kwenda kuinunua mwenyewe. Hilo nalikiri mbele yenu. Nilikasirika, nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake tulikuwa kanisani, juu kidogo ya duka, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Katikati ya wimbo mlango ukafunguka. Vivek alikuwa miguu mitupu, amelowa, amembeba Sejal. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi, na kifua kilikuwa kinavutika ndani kila alipotafuta pumzi.

"Mokua!" akalia. "Mokua yuko wapi? Pampu imekwisha, na duka lina kufuli! Kule kwingine hawana! Nisaidieni, mtoto wangu!"

Ee Nyasae, Mungu wetu! Mokua, mzee wa kanisa, aliiacha Biblia wazi kwenye benchi na kuchomoa funguo. Mtu mmoja akanong'ona kwamba ni Sabato.

"Ndiyo, ni Sabato," Mokua akasema, "na ndiyo maana nakimbia."

Tulipomfuata dukani kwake, tulimkuta Mokua amekwisha kufungua. Sejal alivuta dawa pale pale mlangoni, mara ya kwanza, mara ya pili, huku Vivek amempakata, ameketi kwenye maji ya mvua, akirudia, "Vuta, beta, vuta." Rangi ikarudi kidogo kidogo. Tukampeleka hospitali, akawekewa hewa.

Daktari, msichana mpole, akafungua daftari. "Baba, nini humwanzishia pumu? Amewahi kuzidiwa hivi? Kuna chakula kinachomdhuru?"

Mtu aliyejua jina la mama wa mkuu wa saba hakuwa na jibu hata moja. Vivek akapapasa mfukoni kutafuta kitambaa cha kufutia macho, akatoa ile karatasi iliyolowa. Akaikunjua. Akasoma kwa sauti:

"Mkuu wa tisa. Jina lake Sejal. Anapenda chapati yenye sukari. Anaogopa radi. Anashindwa na baridi, vumbi na karanga. Alizidiwa mara moja, sikukuu ya Diwali. Silaha yake ni pampu ya buluu. Imebaki kidogo sana. Ukitaka kumshinda, kaa naye tu."

Daktari aliacha kuandika. Mimi nililia bila aibu.

Sejal akafumbua macho. "Baba, ulisema wakuu ni wanane."

"Nilikosea," akasema Vivek, akiuweka uso wake kwenye kiganja cha mtoto. "Wako tisa. Huyu sikumjua."

Geeta alirudi siku iliyofuata. Aliyomwambia mumewe siyasemi hapa, lakini nayaunga mkono yote. Kimashine kilirudi kwa mwenyewe. Tangu hapo kila Jumapili walicheza pamoja, Sejal akikishika yeye, na ile karatasi mpaka leo imebandikwa juu ya kaunta. Ukiingia kununua kitambaa utaisoma, upende usipende.

FUNZO

Wazazi, mchezo haukuwa na kosa. Kosa ni kumpa mchezo macho ambayo ni haki ya mtoto. Mtoto wako anakujia kila siku na karatasi yake; wengine huileta kwa maswali, wengine kwa utundu, wengine kwa kunyamaza. Isome siku anayokupa. Na sisi majirani, tukiona jambo tusikasirike tu na kwenda nyumbani. Mimi nilikwenda, na mtoto alibakiza pumzi kidogo sana.