Germana Ajifunza Kuacha Nafasi

Mwaka 1983 Inosenti alipanda juu ya paa kugongelea bati. Aliteleza, akaanguka, akavunjika mguu. Daktari aliufunga plasta ngumu kuanzia kisiginoni mpaka juu ya goti.

Inosenti na mkewe, Germana, walikuwa wakulima wa Qurus, karibu na Karatu. Walikuwa na binti mmoja, Bernadina, na pikapu moja kuukuu ya Landrova. Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba maharage yao kwenda sokoni.

"Sasa nani ataendesha gari?" aliuliza Inosenti.

"Mimi," alijibu Germana. "Leseni si ninayo?"

Kweli alikuwa nayo, ila ilikuwa mpya kabisa. Inosenti mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuondoa gari, kubadili gia na kurudi nyuma.

Asubuhi moja walipakia magunia. Inosenti naye alikuwa anakwenda hospitalini kuangaliwa mguu. Germana na Bernadina walimshika huku na huku wakampandisha.

"Wewe ni mzito kuliko maharage," Germana alisema.

"Lakini mimi nimekuoa. Maharage hayajakuoa."

Walicheka, wakaondoka, Bernadina akabaki nyumbani.

Walipoingia barabara kuu ya kwenda Karatu, walikuta lori la mahindi mbele yao. Ilikuwa kiangazi. Lori lilitimua vumbi jekundu, likafunika kila kitu. Germana aliongeza mwendo. Alilisogelea lori mpaka akaweza kuhesabu mbao zake za nyuma.

"Mama Bernadina, mbona karibu hivyo?" aliuliza Inosenti.

"Nikimwacha simwoni. Halafu wengine watajichomeka hapa katikati."

Mara lori likafunga breki. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Germana alikanyaga breki kwa nguvu. Pikapu haikusimama, iliteleza tu juu ya kokoto. Zile mbao zilimjia usoni. Alikata usukani kushoto, pikapu ikapita ubavuni mwa lori na kuanguka mtaroni. Gunia moja liliruka, likavunja kioo cha nyuma. Vipande vya kioo vilimwagika shingoni mwa Inosenti.

Kisha Inosenti akasema polepole, "Mama Bernadina, uko mzima?"

"Niko mzima. Wewe?"

"Mzima."

Germana alimwondolea vipande vya kioo kimoja kimoja.

Dereva wa lori alikuja mbio. Alikuwa Patrisi, jirani yao. Mchungaji wa wale ng'ombe, kijana wa Kimasai aitwaye Lembris, naye alikuja. Wanaume wale wawili waliisukuma pikapu mpaka ikatoka mtaroni.

"Pole, mama," alisema Lembris. "Mimi nilimpungia mkono dereva wa lori, akaniona. Wewe sikukuona kabisa. Ulikuwa umefichwa na vumbi."

Siku hiyo Patrisi ndiye aliyewafikisha hospitalini, kisha nyumbani. Germana hakula. Alikaa jikoni akitazama moto.

"Sitashika tena usukani," alisema. "Ningekuua."

Inosenti alikuja kwa magongo, akaketi karibu naye. "Hukuniua. Na mimi nilikufundisha kuliondoa gari tu. Kuliweka mbali na mengine sikukufundisha. Tumwombe Patrisi."

Kesho yake jioni Patrisi alikuja. Alikunywa chai, akamwambia Germana, "Shemeji, twende barabarani. Leo utaendesha, mimi nitakaa pembeni."

Germana alisita. Inosenti alimwitikia kwa kichwa. Akaenda.

Njiani walikuta basi mbele yao.

"Unaona ule mti mkavu?" Patrisi aliuliza. "Basi likiupita, anza kuhesabu polepole: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukifika kwenye mti kabla hujamaliza, uko karibu mno."

Germana alihesabu. Alifika mtini akiwa bado kwenye mbili. Akapunguza mwendo.

"Na kwenye vumbi?"

"Hesabu mara mbili yake. Na mvua vilevile, na ukungu vilevile. Gari lenye mzigo halisimami upesi. Ukiwa huoni kabisa, toka pembeni usimame. Vumbi litatua."

"Mtu akijichomeka kwenye nafasi yangu?"

"Mpe, halafu uache nyingine. Hajakuibia kitu."

"Na aliye nyuma akinibana?"

"Usishindane naye. Punguza kidogo kidogo, mwache apite."

Walikutana na mbuzi mmoja akivuka. Germana alipunguza mwendo, kisha akataka kupita.

"Ngoja," alisema Patrisi. "Mbuzi hatembei peke yake."

Kweli, wengine watatu walichomoka majanini. Germana alicheka, mara ya kwanza tangu ajali.

Kuanzia hapo aliendesha kila wiki. Plasta ya Inosenti ilipotolewa, walipeleka maharage Ngorongoro. Wakati wa kurudi, mama mmoja wa Kimasai aitwaye Nosim aliwasimamisha. Mtoto wake mchanga alikuwa na homa kali. Walimpakia mbele, katikati yao, wampeleke hospitalini Karatu.

Barabara iliteremka katikati ya msitu uliojaa ukungu. Germana aliweka gia ndogo, akateremka polepole. Mtoto alilia sana, kisha usingizi ukamchukua. Basi moja lilikuja nyuma likipiga honi. Germana alisogea kushoto, akalipisha. Likajichomeka mbele yake. Alipunguza mwendo, akaacha nafasi tena.

"Mia moja na tano, mia moja na sita," alinong'ona.

Kwenye kona, taa za nyuma za basi ziliwaka ghafla. Nyati alikuwa amesimama katikati ya barabara. Basi lilisimama kwa kishindo, abiria wakapiga kelele. Germana alikanyaga breki taratibu. Pikapu ilisimama mbali na basi. Kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha kupita kundi zima la ng'ombe.

"Tumefika?" aliuliza Nosim.

"Bado, mama. Tunasubiri nyati."

Mtoto hakuamka.

Hospitalini muuguzi alimpokea mara moja. Baadaye alitoka akasema homa imeanza kushuka. Nosim alimshika Germana mikono yote miwili.

Walipotoka nje, Germana alisimama kando ya mlango wa dereva. "Baba Bernadina, mguu umepona. Chukua gari lako."

Inosenti alizunguka upande wa pili, akapanda, akajiegemeza vizuri.

"Endesha wewe," alisema. "Miaka yote nimepita kwenye barabara hii, sijawahi kuyatazama mashamba ya ngano."