Salamu ya Kuagana

Ujumbe uligunduliwa Jumanne asubuhi kwenye kompyuta ya pamoja ya idara ya utafiti. Kabla ya saa nne, mwanafunzi alikuwa ameshanyang'anywa kitambulisho chake cha mlangoni.

Alipokuwa akipelekwa ghorofani, Jirani alimshika bega. Ndivyo alivyomwita yule mtafiti mwenye mvi, kwa kuwa meza zao zilipakana, na ndiye pekee aliyekula naye mchana. "Usijali," alimnong'oneza. "Nitakutetea."

Mkaguzi wa taasisi, mama wa makamo asiye na haraka, alimsukumia karatasi. "Soma kwa sauti."

Mwanafunzi akasoma: "Maslahi yatapanda Alhamisi. Uza hati fungani zote leo. Shikamoo."

Ujumbe ulikuwa umetumwa Jumatatu jioni kwa dalali mmoja. Taasisi ilikuwa ikiishauri benki kuu, na kupanda kwa riba, ambako hushusha bei ya hati fungani, kulikuwa bado siri ya idara. Humo idarani aliyejua Kiswahili alikuwa mmoja tu: mwanafunzi huyo, binti wa kigeni aliyekuja kujifunza kazi kwa miezi mitano, akipanga chumba ambacho mlango wake haujawahi kupigwa hodi. Akipatikana na hatia angerudishwa kwao, na chuo kingemfukuza.

"Sikuandika mimi, mama."

"Basi nani? Mimi?"

"Asiyejua Kiswahili. Kwetu riba ni riba. Maslahi ni mambo ya mfanyakazi: mshahara, likizo, marupurupu. Lugha yenu ina neno moja kwa yote mawili, na mashine ya kutafsiri imeokota lisilo lake. Huyu amemwambia dalali kwamba watumishi wataongezwa mshahara!"

Mkaguzi nusura acheke. "Au umekosea makusudi ili uje useme hivyo."

Akaitwa fundi wa kompyuta, mwenye funguo zote za mitambo. Jasho lilimtoka. "Jana jioni nilikuwa kwa daktari wa meno," alisema, akaachama kuonyesha pengo bichi.

"Funga, tumeona," mkaguzi alisema. Fundi alipotoka, akamgeukia mwanafunzi. "Na hilo neno la mwisho? Nalo ni la mashine?"

Mwanafunzi akainamisha kichwa. Hilo alilijua tangu aliposoma mara ya kwanza, na tangu hapo moyo ulikuwa ukimsihi asiseme.

"Mwiteni Jirani, yule mwenye mvi wa meza iliyopakana na yangu," alisema mwishowe.

Jirani aliingia akitabasamu.

"Wiki yangu ya kwanza uliniomba neno la kwetu," mwanafunzi alimwambia. "Nikakufundisha shikamoo. Ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na ndiyo huanza mazungumzo. Wewe ukaidhani ni ya kuagana. Kila jioni ukivaa koti unaniambia shikamoo, mtu mzima na mvi zako, nami nakuitikia marahaba huku mbavu sina. Mswahili haagi hivyo. Katika jengo hili zima, anayeaga hivyo ni wewe tu."

Tabasamu la Jirani lilitoweka. Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Mkataba wangu unaisha mwezi huu," alimwambia mkaguzi. "Miaka tisa, na hakuna aliyeniambia hata asante. Dalali ni shemeji yangu. Aliniahidi kazi." Kisha akamtazama binti. "Wewe ungerudi kwenu tu. Mimi ningekwenda wapi?"

"Ningerudi nikiitwa mwizi."

"Miezi yote hiyo, mbona hukunisahihisha?"

"Ungeacha kunisalimia."

Walinzi wawili walipoingia na kumsimamisha Jirani, alisimama taratibu kama mtu aliyechoka na safari.

Mkaguzi alimrudishia binti kitambulisho. "Pole, mwanangu. Kesho uje kazini kama kawaida."

"Asante, mama," alisema. Hakumwambia kwamba hiyo kawaida ndiyo iliyokuwa ikishushwa ngazi, katikati ya walinzi wawili.