Kidonge Kitamu

Kidonge kilikuwa kitamu, na hapo ndipo Rukiah Kamis alipojua kwamba ameibiwa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Mei 1976, nyumbani kwake Kibuli, Kampala, chini kidogo ya msikiti. Mabomba yalikuwa yamekauka tangu jana yake. Siku zote alikitupa kidonge kooni na kukisukuma kwa maji kabla ulimi haujajua kimepita nini. Leo maji hayakuwapo, akakiweka kinywani kusubiri mate. Mate yakaja, na utamu ukaja nayo, utamu wa peremende za Idi. Akakitema kiganjani. Kidogo, cheupe, cha mviringo, kama alivyovizoea. Akalamba cha pili. Kitamu. Akalamba cha tatu, kisha akaifunika chupa na kukaa juu ya kitanda.

Dawa yake haikuwa na ladha yoyote; kidonge cha kwanza kabisa alikuwa amekionja. Basi kuna mtu aliyeitoa na kumwekea kitu kingine.

Rukiah alikuwa sajini wa polisi kabla ya kustaafu, Mnubi mwana wa askari na mjukuu wa askari, na kazi yake ilikuwa kuwahoji wanawake. Wenzake walipiga. Yeye alimimina chai, akanyamaza, na mtu mwenyewe akaanza kusema. Alikuwa hana mume tena, mtoto wa kumzaa hakujaliwa, na tangu avue sare hakuna aliyekuwa na haja ya kuzungumza naye. Lakini kuna kazi hazistaafu.

Ugonjwa wake ulikuwa tezi ya shingoni, tezi mvivu, kama alivyoiita daktari Mhindi aliyeigundua kabla hajafukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. Tezi ikilala, mwili wote unalala: unahisi baridi juani, sauti inakwaruza, uso unavimba, na unanenepa hata ukila majani. Daktari alimweleza mbele ya Sebit, mtoto wa marehemu dada yake aliyemlea mwenyewe. "Kidonge hakichomi mafuta, mama. Kinauamsha mwili tu. Yanayobaki ni ya miguu yako na sahani yako. Kimoja kila siku, usizidishe, na usiache hata kidogo. Ukiacha, iko siku utalala usiamke."

Hakuacha. Kila alfajiri alipanda kilima mpaka juu na kushuka, chakula chake kikawa mboga za kuchemsha, na kufikia mwaka mpya wa 1976 gauni lilikuwa linampwaya. Halafu, tangu Machi, mwili ukageuka. Akapanda kilima vilevile, akala kidogo zaidi, akavimba. Sweta hakuivua tena.

Na huo haukuwa wakati wa kuvimba. Sukari ilikuwa imepotea, chumvi imepotea, nchi nzima imekonda. Mtu mnene alikuwa ama mkubwa ama mwizi, na Rukiah hakuwa mkubwa. Majirani walinyamaza alipopita. Wiki iliyotangulia chifu wa mtaa alisimama mlangoni akimpima kwa macho, akasema, "Mama Sajini, watu wanasema chini ya kitanda chako iko magunia ya sukari. Mimi sisemi. Lakini wakubwa wakisikia, watakuja kuona." Siku hizo wakubwa wakija kuona, mtu aliondoka nao ndani ya buti ya gari. Kwa hiyo Rukiah alihitaji dawa yake apate pumzi, na alihitaji kukonda apate kuishi.

Asubuhi hiyohiyo alishuka soko la Owino kwa miguu, akipumzika kila kona. Mushagalusa, Mkongo wa Bukavu aliyemletea dawa kwa njia anazozijua mwenyewe, alikuwa amejificha nyuma ya marundo ya mashati. Rukiah akaiweka chupa mbele yake.

"Onja."

Mushagalusa aling'ata kidonge, akakunja uso. "Hii ni sakarini, mama. Ya kutia mu chai."

"Umeniuzia wewe."

"Mimi? Mungu iko ananiona! Chupa yangu niliziba na nta. Nta ulikuta imevunjika?"

Rukiah alikumbuka. Nta ilikuwa nzima. Aliikwangua mwenyewe kwa kisu.

"Na siku za kwanza ulipona, hukupona?"

"Nilipona."

"Basi, mwizi iko kwako nyumbani. Na tena mama, sakarini si ya soko. Mu Kampala hii inapita kantini ya jeshi tu. Tafuta mwenye mkono kule."

Njia nzima ya kurudi Rukiah aliwapanga watu kichwani. Nani anaingia kwangu? Haikuwa kazi ngumu, na hilo lenyewe lilimuuma. Zamani nyumba ilijaa wake wa askari, harufu ya ubani na kelele za watoto. Sasa alimhesabu mtu mmoja: Akoth, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mhudumu wa wagonjwa hospitalini, ambaye jioni alikuja kumkanda miguu. Akoth anajua dawa. Na chai ya Akoth, Rukiah alikumbuka akisimama ghafla katikati ya njia, ilikuwa tamu mwezi mzima huu wa njaa.

Sebit hakumhesabu. Mtu akihesabu wageni hamtii mwanawe.

Ijumaa, siku ya Sebit, ndiyo ilikuwa siku ya Rukiah ya kuishi. Kijana alikuja baada ya sala ya msikitini, na sare yake ya udereva jeshini, akala, akasinzia kidogo, akaswali alasiri chumbani kwa Rukiah, akaenda. Zilizobaki zilikuwa siku za kungoja Ijumaa. Kazi ilikuwa inammaliza, masikini. Mashavu yalikuwa yamebonyea, naye Rukiah akazidi kumpakulia. Ijumaa iliyopita alimaliza sinia ya kisra, mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi wa bamia akaomba nyingine, huku mvua inanyesha na yeye amevua shati, jasho linamtiririka, kikombe kikigonga kisahani. "Kula, mwanangu," Rukiah alimwambia, amejifunika shuka mbili. "Watakuua na kazi hao."

Jioni Akoth alikuja na mafuta ya kukandia. Rukiah hakumpa miguu. Alimpa chai chungu, akanyamaza.

Akoth alikunywa, akatabasamu, akaacha kutabasamu. "Mama Sajini, mbona unaniangalia hivyo?"

"Chai yako ni tamu, Akoth."

"Ni tamu ndiyo. Sukari hakuna, natia vidonge."

"Vidonge umetoa wapi?"

"Ha! Mbona unauliza kama hujui?"

"Dawa yangu imebadilishwa. Ndani ya chupa yangu mmejaa vidonge vyako. Wewe unajua dawa, wewe unaingia kwangu. Umemuuzia nani?"

Akoth aliweka kikombe chini. Machozi yalimlenga, lakini sauti yake ilikuwa ya hasira. "Mtaa mzima wanasema wewe ni mwizi wa sukari. Mimi nakanda miguu yako mbele yao, wananisema na mimi. Leo wewe unaniita mwizi? Chupa yako inakaa wapi?"

"Chumbani. Dirishani, juu ya mkeka wa kuswalia."

"Mimi niliingia chumba hicho lini? Wewe ulinifundisha: hapo ni pahali pa sala, viatu haviingii, na mimi Mkristo nikaona heshima yangu ni kubaki nje. Miguu yako nakanda hapa barazani. Hata siku ulianguka, nilisimama mlangoni naita Safinah wa nyumba ya mbele akuinue."

Ilikuwa kweli. Rukiah alihisi aibu imempanda usoni. Chumba kile kilikuwa hakiingiwi ila na mtu anayekwenda kuswali.

"Na vidonge vya chai," Akoth aliendelea, akifuta macho, "alinipa Sebit wako. Kopo zima. Alisema asante ya kukutunza."

Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati. Rukiah aliuliza swali lake la mwisho polepole, kama mtu anayekanyaga gizani.

"Akoth, dawa yangu, akiimeza mtu mzima asiyeumwa, tena nyingi, anakuwaje?"

"Nani atameza dawa ya kukondesha Kampala hii? Sisi tumekonda bure." Kisha akaona uso wa mwenzake, akajibu vizuri. "Moyo unakimbia. Mikono inatetemeka. Joto linamchoma hata kwenye mvua. Anakula sufuria nzima na nyama inazidi kumtoka. Daktari akimwona leo, anaandika huyu amekwisha. Tena anaweza kufa kweli, Mama. Moyo unasimama."

Rukiah alimshika mkono. "Nisamehe, Akoth."

"Nitakusamehe kesho," Akoth alisema. "Leo bado inauma."

Ijumaa Sebit alikuja na mvua. Akala sinia mbili. Safari hii Rukiah hakumtazama kwa macho ya mama. Alimtazama kwa macho ya sajini, na moyo wake ukavunjika kipande kwa kipande: mshipa wa shingo unaoruka, mkanda wa saa unaoteleza mkononi, jasho. Alipomaliza, akammiminia chai.

"Sukari hakuna," alisema. Akaisukuma chupa ya dawa kuelekea kikombe chake. "Tia hivi."

Sebit alinyoosha mkono, akaiona chupa, mkono ukabaki hewani ukitetemeka. Rukiah akanyamaza. Alikuwa amewasubiri wauaji namna hiyo.

"Mama," Sebit alisema hatimaye. "Umejua lini?"

"Jumanne. Lakini wewe umenijua miaka ishirini. Kwa nini hukuniomba?"

"Ungenikataza."

"Unavifanyia nini?"

"Nataka wanitoe. Jumatatu napita mbele ya madaktari wa jeshi. Mwenzangu alikohoa damu wakamrudisha kwao, hawakumuuliza neno. Mimi siumwi, Mama. Nilitafuta ugonjwa sikupata. Nikakumbuka yule daktari alisema usizidishe, nikajua kwa nini alisema. Nilivitoa kidogo kidogo, nikiswali."

"Ukiswali!"

"Mwanzo nilikuwa naswali kweli." Aliinamisha kichwa. "Wananipa gari usiku. Naambiwa peleka hawa. Nasikia wanagonga huko nyuma, wananiita ndugu dereva, nami naendesha. Ukisema unaacha kazi, kesho yake unagonga wewe. Siwezi tena, Mama. Nikifumba macho naona usukani."

Rukiah alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga. Alikuwa na hasira iliyompa joto kwa mara ya kwanza tangu Machi.

"Na mimi? Mimi ulinifikiria?"

"Nilijua utanenepa tu." Alisema kwa mshangao wa kweli. "Kwetu nani alikufa kwa unene? Haboba, bibi yangu, alikuwa hapiti mlangoni, watu wakamsifu. Nilidhani nitakuletea dawa nyingine baada ya Jumatatu."

"Ningelala nisiamke, Sebit. Wewe ulikuwapo daktari aliposema. Lakini wewe ulisikia la kwako tu. Na chifu anasubiri nizidi kidogo aniitie gari. Labda gari lako."

Hapo ndipo Sebit alipolia, kilio cha mtoto mdogo, kamasi na yote. Akatoa kikopo cha tumbaku mfukoni, akakiweka mezani. Dawa yake ilikuwemo, iliyobaki.

Sheria Rukiah aliijua, na alijua pia kwamba katika nchi ile hakukuwa na kituo cha kumpeleka mwizi huyu ambacho angetoka. Alikimimina kikopo juu ya meza, akatenga vidonge vichache kwa kidole.

"Hivi ni vyako mpaka Jumatatu. Kimoja kwa siku, usizidishe, moyo wako umechoka. Mwili ulionao unatosha kuwadanganya. Hivi vingine ni vyangu."

"Mama..."

"Sijamaliza. Wakikuachia, usikae. Dawa ikiisha nyama itarudi, na wao wana macho. Nenda bandarini Port Bell, ulizia Okullo wa vivuko, tulifanya kazi pamoja. Atakuingiza ndani ya behewa la mizigo linalovushwa ziwani mpaka Kisumu, Kenya. Usiniandikie. Barua zinafunguliwa."

"Na Ijumaa?"

Rukiah alianza kukusanya masinia. "Ijumaa nitaswali," alisema.

Madaktari walimtazama Sebit kidogo tu, wakaandika kwamba hafai. Hayo aliyapata kwa Okullo, aliyekuja kununua mkaa Kibuli na kumnong'oneza kwamba behewa lilivuka salama. Baada ya hapo hakuja mtu.

Mwili wa Rukiah uliamka taratibu. Sauti ikanyooka, akaivua sweta, akakipanda kilima bila kusimama, na Julai gauni likaanza kumpwaya tena. Akoth, aliyesamehe kama alivyoahidi ingawa si kesho yake, alimpigia makofi barazani. Chifu wa mtaa alimwamkia kwa heshima. "Sasa unafanana na sisi, Mama Sajini," alisema, na hakurudi tena kuuliza habari za magunia.

Maji ya bomba yalirudi, lakini Rukiah aliacha kumeza kidonge kwa maji. Kila alfajiri anakiweka juu ya ulimi, anafumba macho, anasubiri. Angeutoa mwili wote alioupunguza, na kilima chote alichokipanda, kikiwa kitamu asubuhi moja tu. Maana ingekuwa kuna mtu ameingia chumbani kuswali. Anasubiri mpaka kimeyeyuka. Hakina ladha yoyote.