Mashine Iliyoitwa Kokugonza

Protase Rutaihwa alikuwa fundi hodari wa kompyuta, ila utu alipungukiwa. Mkewe wa kwanza, Kokugonza, alifia Muleba kwa uchungu wa uzazi, mtoto akiwa bado tumboni, baada ya kumpigia mumewe simu mara saba. Yeye alikuwa kazini Bukoba, hakupokea. Halafu alipokabidhiwa kuiangalia seva ya chama cha kahawa kule kule Muleba, akaipa jina la marehemu. Ati anamuenzi! Mwaka mzima kompyuta ya nyumbani kwake Nshambya, mjini Bukoba, ikawa inaiita kila dakika: Kokugonza, upo? Seva inajibu: nipo.

Siku zote jibu lilichukua milisekunde arobaini. Jumatatu asubuhi likachukua thelathini. Mzigo wa seva nao ulikuwa umepanda mno, kama watu mia wanaitumia. Protase akapiga simu Muleba.

"Seva imezimika tangu jana, bosi," mlinzi akasema. "Huku hakuna umeme."

Lakini ilikuwa inajibu. Saa nne, milisekunde ishirini. Saa sita, kumi. Protase akaelewa: jibu likiwahi hivyo, anayejibu anasogea. Kama alitoka Muleba, sasa yuko Kemondo, karibu kabisa kuingia Bukoba.

Annastella, mkewe wa sasa, mwenye mimba ya miezi minane, akatoka jikoni ameshika pua. "Mbona humu ndani mnanuka kama wodi ya leba?" akanong'ona.

Wakamwita Faruku, mganga wa mtaa wa Bakoba. Alisikiliza, akasonya.

"Umelikoroga mwenyewe. Unamwita mfu mwaka mzima, hata kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni hujampa. Zima hiyo kompyuta. Sasa ataita yeye, na asiitike mtu. Atakayeitika ni wake."

Protase akazima. Papo hapo nyayo zilizolowa zikaburuzika kibarazani, komeo la mlango likaachia lenyewe, harufu ya leba ikawajaa mpaka kooni, Annastella akajiziba mdomo kwa mikono miwili, Protase akang'ata kola ya shati lake, Faruku mwenyewe dua ikamkatikia ulimini, na sauti ikaja polepole, ikapita kwa Protase bila kusimama, ikainama karibu kabisa na tumbo la Annastella, ikaita kwa upole:

"Mwanangu."

Hakuna aliyefungua mdomo. 

Ndani ya tumbo, sauti ndogo ya kike ikaitika: "Abee, mama."