Jina Lililolazwa Kifudifudi

Jumanne asubuhi Katibu alikuta viatu vyake vimeng'arishwa. Havikufutwa vumbi tu. Vilikuwa vimesuguliwa mpaka mtu angeweza kujitazama meno kwenye ncha. Alisimama navyo mlangoni, kimoja kila mkono.

"Umeving'arisha wewe?" akamuuliza mkewe.

Mkewe akacheka. "Mimi tena? Si nimekuona jana alasiri umekaa jikoni na kitambaa chako, unavitemea mate na kuvisugua kama kuruta! Nikasema leo mzee kapatwa na nini."

Jana alasiri yote Katibu alikuwa chuoni akisimamia mafundi. Mtu mwenye akili zake angelisema hivyo hapo hapo, yakaisha. Lakini Katibu alikuwa mtu wa wivu, na mtu wa wivu akipata jambo la ajabu hulitafutia mwanamume kwanza. Alivaa viatu, akaondoka akijiuliza ni nani huyo anayeingia nyumbani kwake mchana na kujifanya yuko kwake.

Alikuwa kapteni mstaafu. Wahitimu wa chuo chao cha maafisa walikuwa wakichangishana kujenga njia ya kumbukumbu, kutoka lango kuu mpaka uwanja wa gwaride, na walimchagua kuwa katibu kwa sababu ana mwandiko mzuri na hana kazi nyingine. Kila aliyechanga alichongewa jiwe lenye jina lake, au jina la mwenzake aliyefariki. Mawe yalipangwa kwa kozi, walioingia chuoni pamoja wakae pamoja, na ndani ya kozi yakafuata mstari wa gwaride wa zamani, mrefu kuliko wote akitangulia upande wa kulia.

Katika kozi yao mrefu kuliko wote alikuwa Twiga. Miaka mitatu Katibu alisimama wa pili, na kila ilipotolewa amri ya kunyoosha mstari aligeuza shingo kulia, akaangalia sikio la Twiga ndipo ajue pa kuweka miguu yake. Baadaye Twiga alichukuliwa na mto akivusha askari wake, na mwili wake haukuonekana. Mjane wake akakaa miaka miwili, kisha akaolewa na Katibu.

Walikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa. Katika miaka yote hiyo mwanamke hakuwahi kumlinganisha na marehemu, hata kwa utani, na hilo ndilo lililomchoma Katibu. Angesema tu mara moja kwamba Twiga alikuwa akikoroma, Katibu angelala usingizi mnono.

Kisha mwanamke, kwa fedha zake za ushonaji, akachanga.

"Nimemlipia Twiga jiwe," alisema wakila. "Hana kaburi yule. Angalau nipate pa kusimama."

"Vizuri," alijibu Katibu, akamega tonge jingine.

Jiwe lilipofika, Jumatatu asubuhi, Katibu alimwita fundi wa mawe pembeni. Fundi alikuwa mzee mkavu mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Hili lilaze kifudifudi," alimwambia. "Jina liangalie chini. Juu pabaki patupu."

Fundi alisoma jina, akasita. "Afande, jina halilazwi hivyo. Na huyu nasikia hakuzikwa."

"Wewe ni fundi au shehe?"

"Mimi ni fundi."

"Basi laza."

Likalazwa, la kwanza katika safu ya kozi yao, na la Katibu likafuata. Mkewe angeambiwa kwamba jiwe limevunjika njiani. Katibu alirudi nyumbani siku ile akipiga mluzi, na kesho yake ndipo alipokuta viatu vinang'aa.

Baada ya viatu ikaja harufu. Alikuwa akifungua mlango inampokea sebuleni: dawa ya viatu, na nguo yenye wanga iliyotoka kwenye pasi. Bomba lililokuwa likivuja tangu mwaka juzi likaacha kuvuja. Mkewe akaanza kuvaa hereni alizokuwa amezifungia, akawa anaimba akichuja chai. "Ahsante kwa bomba," alimwambia, akampiga kikofi kidogo begani. Katibu akajibu "karibu," ingawa bomba hakuligusa.

Alhamisi alishindwa kuvumilia. Saa tisa alasiri aliwaaga mafundi, akashuka kwenye gari mtaa mmoja kabla ya kwake, akapita uani. Kapteni mzima mwenye nishani mbili akapiga magoti kwenye maua ya mkewe, akatambaa mpaka chini ya dirisha la sebule. Ndani mkewe alikuwa akicheka. Katibu alikuwa hajawahi kukisikia kicheko kile, kilitoka tumboni kabisa, na wivu ukampanda mpaka masikio yakamwaka moto.

Halafu mwanamume akajibu, na sauti ilikuwa ya Katibu mwenyewe.

Aliinuka polepole, vidole vimeshika ukingo wa dirisha, akachungulia kwenye upenyo wa pazia, akaona mgongo wa mtu aliyevaa shati la mistari, lile lile alilokuwa amelivaa yeye wakati huo, lenye kifungo kile kile kilichoshonewa uzi wa rangi nyingine, na mtu yule alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anakunywa kwenye kikombe chake, kisogo ni chake na kipara chake kinachoanzia utosini, ila kichwa kilikuwa juu mno, kimepita mgongo wa kiti kwa shubiri mbili nzima, kama vile mtu ameuvuta uti wa mgongo kwa kamba. Kikombe kikatua mezani. Kichwa kikageuka kulia, kwa mkupuo mmoja, kama cha askari aliyeamriwa kunyoosha mstari, na Katibu akajitazama usoni. Uso ule ulimtabasamia, na wala haukushangaa kumwona.

"Unaangalia nini huko?" mkewe aliuliza.

"Paka," ilisema sauti.

Katibu hakujua alivyofika chuoni. Fundi alikuwa akikusanya zana zake.

"Ni Twiga," Katibu alinong'ona. "Twiga amekuja nyumbani kwangu."

"Twiga hana haja na wewe, Afande. Marehemu amelala." Fundi naye aliishusha sauti, akawa anaangalia mawe. "Huyu ni jini. Umeacha mahali pa mtu patupu, ukapafunika kwa wivu, yeye akaona pazuri akaingia. Sasa anatafuta jina, maana hilo hana."

"Nifanye nini?"

"Jiwe ligeuzwe. Na mama awepo, aambiwe kwa kinywa chako nani alililaza na kwa nini. Nikiligeuza kwa siri hatoki." Akafunga mfuko wa zana. "Na iwe kabla ya Jumamosi, Afande. Jumamosi majina yanaitwa."

Hayo Katibu aliyajua, maana utaratibu aliuandika yeye. Siku ya ufunguzi kila mhitimu angesimama juu ya jiwe lake, majina yasomwe kama zamani asubuhi, na kila mtu aitikie "Yupo!" Waliofariki wangeitikiwa na jamaa zao.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Katibu alimkalisha mkewe chini. Alikuwa ameyapanga maneno yote tangu alfajiri.

"Nina jambo kuhusu jiwe la Twiga."

"Hata mimi nilitaka kukwambia." Mwanamke akamshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlegea kwa aibu ya kike ambayo Katibu alidhani imekwisha miaka mingi. "Siku hizi simuwazi tena Twiga. Nilikuwa namuwaza, nisikufiche, hata nikiwa na wewe. Lakini wiki hii, sijui umefanya nini… nakuwaza wewe. Nikiwa nashona nasikiliza kama umerudi."

Miaka kumi na minane Katibu alikuwa ameyangoja maneno hayo. Sasa yamekuja, na yanamwendea mwingine. Akisema ukweli, anabaki na mwanamke anayejua kwamba mumewe alimfukia marehemu mara ya pili. Akinyamaza, anabaki na huyu aliyemshika mkono. Alimwonea wivu yule jini mpaka machozi yakamlenga, na bado akataka kula alichopika huyo huyo jini.

"Jambo gani la jiwe?" mkewe aliuliza.

"Limevunjika njiani," alisema Katibu. "Litaletwa jingine."

Jumamosi saa nne jua lilikuwa kali, na wahitimu, wazee kwa vijana, walisimama kila mmoja juu ya jiwe lake. Familia zilikaa kwenye viti kando, mkewe akiwa safu ya mbele na hereni zake. Kulia kwa Katibu jiwe tupu lilikuwa wazi, halina mtu, na jina la Twiga hakuliandika kwenye orodha. Mwenyekiti, jenerali mstaafu, akakohoa, akaanza kusoma, na "Yupo!" zikaanza kulia kutoka langoni zikija upande wao, kozi baada ya kozi, na kadiri zilivyokaribia ndivyo harufu ya dawa ya viatu ilivyozidi kupanda kutoka ardhini, mpaka Katibu akahisi iko mdomoni, nzito, chungu, imemganda kwenye ulimi, na miguu yake ikawa mizito na baridi kama imesimama kwenye saruji mbichi, na shingo yake, kwa mazoea ya ujana ambayo hakuweza kuyazuia, ikageuka kulia kunyoosha mstari, na pale palipokuwa patupu akaona sikio.

Jina lake likaitwa.

Alifungua kinywa. Kikajaa mchanga.

"Yupo!" sauti yake iliitika kutoka kulia, kubwa na ya furaha, na watu wakapiga makofi.

Fundi peke yake ndiye aliyeona, sherehe ilipokwisha na watu wakaelekea kwenye vinywaji, kwamba katika safu ile sasa mawe mawili hayakuwa na jina. Alipoinua macho, Katibu alikuwa amesimama mbele yake, mrefu kuliko jana, viatu vinang'aa. "Kazi nzuri, Fundi," alisema. Mzee akaacha zana zake pale pale, na hakurudi kuzichukua.

Mke wa Katibu amenawiri. Majirani wanamtania kwamba ameolewa upya. Kila Ijumaa alasiri yeye na mumewe hutembea kwenye njia ile, wameshikana mikono, na wakifika kwenye kozi yao hupenda kusimama kidogo. Wiki iliyopita mwanamke alisimama juu ya jiwe la pili, akainamisha kichwa.

"Unasikia?" alisema. "Kama mtu yuko huku chini. Kama anasema yupo, yupo, yupo."

Mumewe alimshika kiuno, akamvuta taratibu aondoke juu ya jiwe.

"Amechelewa kuitika," alisema, na mkewe akacheka kile kicheko chake cha kutoka tumboni.